Walii wa Bi Faida

Maskati, alasiri, siku moja kabla ya ndege yako

Mwanangu Zuwena,

Ungeniona hivi sasa ungecheka. Nimekaa juu ya sanduku lako. Mamako kasema halifungiki bila ya mtu mzito kulikalia, na katika nyumba hii mtu mzito ni mmoja. Nikaona nisikae bure, nikaagiza kalamu.

Salamu zangu unazijua, ni zile zile za kila asubuhi kabla sijanywa chai, nusu maneno nusu kikohozi. Zipokee hivyo hivyo.

Sitakuandikia habari za kuvaa soksi, kula kwa wakati na kumwamkia mke wa mjomba wako kabla hajakuamkia. Mamako kayasema yote, na kwa sauti aliyoyasemea nadhani hata Kuweti wameshayasikia. Mie nna jambo moja tu, nalo nimelikwepa miaka sita. Ni habari ya Bi Faida.

Najua, umeshakunja uso. Tangu ulipokuwa na miaka kumi na mitatu ukilisikia jina hilo unakunja uso na kutoka chumbani. Watu wakiandika barua za Unguja, ukiambiwa utie salamu za Bi Faida unasema wino umekwisha. Na una haki, kwa ulivyoambiwa. Tulikwambia kuwa Bi Faida mwenyewe ndiye aliyekataa kuja nasi. Yeye aliyekupokea siku ya arubaini yako, aliyelala nawe kitanda kimoja mpaka ukaanza kumpiga mateke, alibaki Unguja kwa kupenda kwake. Ukasema, "Basi kama hakunitaka, na mie simtaki." Nilikuwa nimekaa pale pale, nikanyamaza.

Barua hii ni ya kusema nilichokinyamazia. Nakuomba uisome mpaka mwisho kabla ya kunikasirikia. Huko mwisho utapata sababu nyingi zaidi, kwa hivyo utakuwa umeokoa muda.

Unalijua lile kopo langu la biskuti. Siku tuliyoondoka Unguja wenzangu walibeba vitu vya maana, mie nikabeba kopo la biskuti lisilo na biskuti, na mamako mpaka leo hajanisamehe kwamba cherehani yake ilibaki kwa sababu ya karatasi za marehemu. Lakini mtu aliyekuwa karani wa kadhi miaka ishirini hawezi kuacha karatasi. Ndani mna wasia wa babu yangu Amour bin Khamis, hati za ndoa za baba zangu na mama zangu, na vipande vingine ambavyo panya walivipitia kabla yangu.

Mwaka huu, ulipotaka pasi ya kusafiria, tukaambiwa lazima sheikh wa kabila letu aandike waraka: Zuwena binti fulani bin fulani, mpaka ufike kwenye mtu anayejulikana kule kijijini. Huku mtu hujulikana kwa baba zake. Na mie niliyezaliwa Malindi ya Unguja, baba zangu nawajua kwa karatasi tu. Ndiyo maana Ijumaa tatu mfululizo ulinikuta ukumbini nimezitandaza juu ya mkeka, nazifuata jina kwa jina, wasia mpaka ndoa, ndoa mpaka wasia.

Unakumbuka Ijumaa ya pili? Ulikaa ubavuni pangu nikakusomea kuwa babu Amour ameusia afungiwe miezi miwili ya Ramadhani alizokula. Ukasema, "Kumbe ulafi tumeurithi." Nikacheka mpaka nikakohoa. Lakini hukuona, Zuwena, kwamba muda wote ule nilikuwa nimeweka kiwiko changu juu ya mstari wa tano.

Mstari wa tano unasema hivi, nautia kwa Kiswahili neno kwa neno: Na warithi wangu ni wanangu Saleh na Khamis, na binti yangu Faida, ambaye mama yake ni Zafarani, niliyemwacha huru kwa ajili ya Mungu kisha nikamuoa.

Na nyuma ya wasia imeshonwa kwa uzi hati ya ndoa hiyo, ya Amour bin Khamis na Zafarani binti Abdalla, na mashahidi wawili. Hilo "binti Abdalla" nikueleze. Ndivyo makarani tunavyoandika tusipolijua jina la baba. Zafarani aliletwa mtoto mdogo kutoka bara, na baba yake ama alimsahau, ama hakuna aliyemuuliza.

Bi Faida, basi, ni ndugu wa baba yangu, baba yao mmoja. Ni shangazi yangu. Wewe ulikuwa unampiga mateke bibi yako.

Alikuwa na miaka kama saba babu alipofariki. Baba yangu na ami yangu Khamis wakaitia karatasi chini ya nyingine. Sidhani kama walimwambia mtu uongo. Waliacha kusema tu, na kuacha kusema ni kazi nyepesi, kila siku ikipita inakuwa nyepesi zaidi. Kulikuwa na nyumba ya mawe ya kugawana, na kulikuwa na kutaka kuonekana watu safi mbele ya wenzao. Faida akakulia uani. Mgeni akiuliza huyu nani, jibu lilikuwa "mtu wa nyumbani". Baba yangu akimwita Faida, na yeye akimwita baba yangu Bwana. Kaka yake huyo.

Baba alipofariki nilirithi kopo. Nikaufikia mstari wa tano, nikausoma mara mbili, maana kusoma mara mbili ndiyo kazi yangu. Nikasema nitamwambia baada ya arubaini. Baada ya arubaini nikasema tumalize Ramadhani. Baada ya Idi mamako alikuwa hajisikii vizuri. Nilikuwa na sababu nzuri kila mwezi, na kama zingekuwa karafuu ningekuwa tajiri.

Sasa nikupeleke kwenye jambo ambalo hata mamako sikumwambia mpaka juzi.

Mwaka mmoja kabla hujazaliwa, palikuwa na fundi saa wa Darajani aliyefiwa na mkewe. Akaanza kuja nyumbani kuitengeneza saa yetu ya ukutani. Alikuja mara nne, na saa ilikuwa nzima tangu mara ya kwanza. Mara ya nne akasema alilolifuata: anamtaka Bi Faida. Bi Faida alikuwa mtu wa miaka arubaini na kitu, alishazoea kwamba mambo hayo ni ya watu wengine. Alitia udi siku tatu.

Wakaja kufungiwa ndoa ofisini kwetu. Na unajua, mwanamke haozwi ila na walii wake: baba, akikosekana baba ni kaka, akikosekana kaka ni mtoto wa kaka. Asiye na mtu kabisa, walii wake huwa kadhi. Baba yangu alishakufa, na ami Khamis alishakufa bila ya kuacha mtoto.

Kadhi akauliza kama anavyouliza kila siku, "Walii wa bibi harusi nani?"

Mtoto wa kaka yake alikuwa amekaa pale, daftari limefunguliwa, kalamu imeshachovywa.

Nikasema, "Hana mtu, sheikh. Walii wake ni wewe."

Na nikaandika. Bi Faida alikuwa nyuma ya pazia, hatua tatu kutoka kwangu. Nikampelekea daftari atie kidole. Akatia, akaangalia ule mstari niliouandika, ingawa hakujua kusoma ila Kurani. Akaniambia kwa sauti ya chini, bila ya ukali hata kidogo, "Khati yako nzuri, Karani. Hata mie naiona."

Kumbe alikuwa anajua. Mama yake alimwambia kabla ya kufa, na yeye akakaa nalo maisha yake yote, akingoja mmoja wetu alitoe mdomoni. Siku ile ndiyo ilikuwa siku yenyewe, na nikaipitisha.

Ndoa ilisihi, ilikuwa halali. Hilo niliuliza baadaye kwa mwanachuoni mmoja, nikijifanya ni habari ya jirani. Akanitazama, akasema nimwambie huyo jirani kwamba ndoa imesihi, yeye ndiye mwenye kasoro.

Fundi saa hakuishi ila mwaka na miezi. Bi Faida akarudi kwetu na ile saa ya mezani uliyokuwa ukiichezea mpaka ukaing'oa mshale, na wewe ulikuwa na siku arubaini. Nikamkabidhi wewe. Nilijidanganya kwamba hiyo ilikuwa namna ya kulipa. Yeye alikupenda tu, hakuwa na hesabu yoyote na mimi.

Nije kwenye mwaka ule wa mapinduzi tulioondoka. Wewe uliuona kwa macho ya mtoto, na sitakurudisha kwenye yaliyotisha. Nakurudisha kwenye foleni moja. Waliotaka kuondoka kwa meli walipanga foleni, mkuu wa kila nyumba anaandika majina na kila mmoja ni nani wake. Nikaandika: mke. Nikaandika: binti. Nikaandika: Faida, mtumishi.

Afisa, sijui hata jina lake, akapiga mstari juu ya jina la mwisho. Akasema wanaokwenda ni jamaa tu, watumishi wanabaki.

Kopo lilikuwa kwapani pangu, Zuwena. Lilikuwa kwapani. Ningelifungua, nikaitoa hati ya ndoa ya Zafarani, nikasema huyu shangazi yangu, ingetosha. Lakini nyuma yangu wamesimama watu wawili wa kabila letu, watu tuliokuwa tukialikana harusini, na mie nikawaza watasemaje wakisikia. Nyumba ya mawe ilikuwa inakwenda na yote yaliyomo, nchi yenyewe inatuponyoka, na mie nachunga wasemavyo watu wawili katika foleni. Nikamwambia yule afisa ahsante. Ndiyo, nilimshukuru. Adabu ya karani.

Nilimkuta Bi Faida chumbani anafunga vitu vyako. Nikamwambia wamekataa watumishi. Hakuacha kufunga fundo.

"Wamekataa watumishi," akasema. "Na mie uliniandika hivyo?"

Nikasema ndiyo.

Akamaliza lile fundo, akalikaza kwa meno. Kisha akasema, "Mtoto atauliza. Mwambie mie ndiye niliyekataa, nimeogopa bahari. Anichukie mie, asikuchukie wewe. Wewe ndiye utakayekaa naye."

Nikaukubali msaada huo kama nilivyoikubali misaada yake yote. Uongo tuliokwambia haukuwa wangu, mwanangu. Sikuwa na akili ya kuutunga. Ulikuwa zawadi yake kwangu, na nimeila miaka sita, na kila uliponuna nilikuwa najua unamnunia nani na alipaswa kununiwa nani.

Pumzi kidogo. Mamako kapita hapa, kaniuliza naandika nini kirefu hivi. Nimesema wasia. Kasema mbona hatuna cha kuusia.

Haya. Mwezi uliopita nikaenda kijijini kwetu kutafuta ule waraka. Wewe ulijua nimekwenda, lakini yaliyotokea nilikuhadithia nusu. Siku mbili ndani ya Landrova, mgongo wangu bado uko huko nyuma unakuja kwa miguu. Na Kiarabu changu unakijua. Nilikisoma ndani ya nyaraka za kadhi, basi nikiomba maji naomba kama mtu aliye katika sakarati ya mauti. Vijana wa pale walikuwa wanakusanyika kunisikiliza nikiomba maji.

Sheikh ni mzee mwembamba, mpole, hana haraka. Tukala tende, tukanywa kahawa, akaniuliza habari za jamaa mpaka wa mbali. Kisha akasema nisome nasaba. Nikasoma: Zuwena binti Rashid bin Saleh bin Amour bin Khamis. Akatikisa kichwa kila jina, kama anawapa mkono. Akauliza, na Amour aliacha nani? Nikasema Saleh na Khamis.

Akaagiza kopo lake. Ndiyo, na yeye ana kopo, la kwake la majani ya chai. Akachambua, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Babu Amour, kabla ya kufa, alipeleka nakala ya wasia wake kijijini, kwa sababu kulikuwa na minazi Unguja na mitende huku, na alitaka wa pande zote mbili wajue. Sheikh akaweka kidole chini ya mstari wa tano. Yeye hakutumia kiwiko.

Akasema polepole, kama mtu anavyosema na mtoto, ili nielewe, "Na Faida? Huyu ni shangazi yako. Umemwacha wapi?"

Sijui nikuandikie vipi nilivyokuwa. Miaka zaidi ya hamsini jina lake lilikuwa pale kijijini, ndani ya kopo la chai, limeandikwa, linajulikana, hakuna aliyelionea haya. Baba yangu, ami yangu na mie tumemficha maisha yake yote ili watu hawa wasimjue, na watu hawa walikuwa wanamngoja. Yule mzee hakunihukumu. Aliuliza tu, kama mchungaji jioni anavyohesabu na kuona mmoja hayupo.

Nna Kiarabu cha kuusia na Kiarabu cha kuoza. Nikatafuta humo humo. Mwisho nikasema, "Nimemwacha."

Mzee akatikisa kichwa, akaendelea kungoja nimwambie wapi.

Nikamwambia yote, kwa Kiarabu changu kibovu, na safari hii vijana hawakucheka. Akaandika waraka, na ndani yake jina la Faida binti Amour, mama yake Zafarani binti Abdalla, na akaniambia nimlete. Hakusema nijaribu. Kwa waraka huo nimeshamuombea ruhusa ya kuingia. Jibu bado. Mambo yamefunguka tangu alipokuja sultani mpya mwaka huu, watu wanafika kila wiki, lakini mie ni mtu wa ofisi na najua karatasi inavyoweza kulala.

Nawe ujue kwamba waraka huo ndio ulio nyuma ya pasi yako. Atakayekuja siku moja kukuposa, na wazee wake wakataka kuisoma nasaba yako, watamsoma na Zafarani binti Abdalla. Mamako alisema nikuulize kwanza. Nilikuwa nimeshatia sahihi. Mara moja katika maisha yangu sikuchelewa, na nikachelewa kukuuliza wewe. Nisamehe kwa hilo, lakini sitalifuta.

Yuko hai. Yule mama aliyefika wiki mbili hizi kwa njia ya Dar es Salaam alimuona. Anakaa chumba kimoja mtaa wa Ng'ambo, Unguja, macho yamefanya ukungu, ulimi haujafanya. Hakuuliza habari zangu, wala za nyumba, wala tunakula nini. Aliuliza jambo moja: "Yule mtoto bado amenuna?"

Hapo ndipo nilipojua kuwa siwezi kukuacha upande ndege bila ya barua hii.

Sasa ombi langu. Posta ya hapa kwenda Unguja haina uhakika, ya Kuweti nasikia inafika. Ndani ya sanduku hili, chini ya zile nguo alizozipanga mamako (usimwambie kwamba nimezivuruga), nimeweka bahasha. Mna nakala ya waraka wa sheikh, na mna barua yangu. Nimewaandikia watu barua za posa, za talaka, za kuomba kazi, sikushindwa hata moja. Hii ilinichukua Ijumaa nne na ina mistari saba. Hajui kusoma ila Kurani, na sasa macho nayo hayamsaidii. Jirani atamsomea kwa sauti, na huko Ng'ambo barua ikisomwa uani wanasikia nyumba tatu. Nimeliandika kwa hivyo lile neno mwanzo kabisa, peke yake, ili msomaji aanze nalo hata akitaka asitake: Shangazi.

Wewe tia ukurasa wako, kisha uipeleke posta huko. Andika utakalo. Ukitaka kunisema humo, niseme. Yeye atanitetea, ndiyo mazoea yake. Ila mjibu lile aliloliuliza.

Jua limeshaingia mlangoni na mamako ananiita niinuke, wanataka kulifunga sanduku kwa kamba. Likifunguka uwanjani mbele za watu, usimuulize mwengine ila mie.

Wako, baba yako,

Rashid bin Saleh bin Amour,
mtoto wa kaka yake Faida binti Amour, na walii wake.